Kitambaa Chekundu Kwenye Mafunjo

Nikipita penye majamvi mapya sokoni Busia, harufu ya mafunjo hunipandisha hasira.

Shangazi yangu aliishi kwa kukata mafunjo kinamasini. Siku moja tulimkuta mtafiti akifunga kitambaa chekundu karibu na kiota cha korongo-taji, ili asikipoteze. Kwetu, anayefunga alama kwenye mafunjo amejitwalia sehemu ile.

“Nani alikupa kinamasi changu?” shangazi aliuliza.

“Mama, nachunguza tu ndege anavyoatamia. Wamebaki wachache.”

“Kachunguze wa kwenu.”

Akafyeka mafunjo yote kuzunguka kiota, mtafiti akitutukana. Korongo akabaki juu ya mayai yake, peupe, akitukodolea macho.

Shangazi akafungua kile kitambaa, akafungia mzigo wa mafunjo hayo alionibebesha.