Nyoka wa Thelathini na Mbili

Katika stoo ya chini ya jumba la makumbusho, chupa mia nne na kitu zilipangwa kwenye rafu za chuma, na ndani ya kila chupa mlikuwa na nyoka. Wengine ni wa hapa hapa: swila, koboko, kifutu mnene kama mkono wa mpishi. Wengine walitoka nchi ambazo mtunzaji wao hakuwahi kufika wala hakutarajia: yule mwenye kayamba mkiani, yule wa baharini mwenye mkia bapa kama kasia, yule wa pete nyekundu na nyeusi, na jirani yake asiye na sumu anayejivika pete zile zile ili naye aogopwe.

Mtunzaji alikuwa mama mfupi, miwani imefungwa uzi shingoni. Wenzake kazini walimwita Mama Magamba, kwa kuwa hakuamini rangi. Nyoka akilala kwenye spiriti miaka ishirini hubaki mweupe kama utambi, lakini magamba yake yapo pale pale. Basi alimshika katikati ya mwili, akahesabu safu kwa ncha ya sindano, kumi na tano, kumi na saba, akatazama kichwa, akataja jina. Alikuwa hakosei. Hata hospitali walimpigia simu.

Chupa thelathini na moja zilikuwa na kibandiko chenye jina la aliyeleta: Mkasi. Huyo alikuwa mdogo wake wa mwisho, mtunza bustani, aliyepata jina kwa kupogoa michongoma ya watu. Watu wengine wakiona nyoka humponda kichwa kwanza, ndipo waulize ni nani. Mkasi alifundishwa na dada yake kutoponda. "Aliyepondwa kichwa ni kamba tu," alimwambia zamani, "sina la kumuuliza. Wapo watano usiwaguse, niite. Waliobaki, niletee." Akamchorea wale watano kwenye daftari. Mkasi akawakariri kama sala, na waliobaki akawaleta wazima, ndani ya foronya.

Jumatano, saa nne asubuhi, aliingia stoo na foronya mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili kimefungwa kitambaa.

"Shikamoo dada. Leo nimekuletea kijiti kinachopumua."

"Marahaba. Kidole kimefanyaje?"

"Kameniuma kidogo, kakaning'ang'ania kama mtoto na pipi. Usinitolee macho, hakamo kwenye wale watano."

Mama Magamba alifungua foronya juu ya sanduku la kioo. Nyoka akateleza nje, mwembamba, mwili rangi ya gome, utosi wa kijani. Jicho kubwa, na mboni imelala kama tundu la ufunguo lililogeuzwa ubavu. Hakukuwa na haja ya kuhesabu. Akamshika kwa koleo, akahesabu. Kumi na tisa. Akahesabu tena, akiomba zitoke kumi na saba, awe nyoka mwingine. Kumi na tisa.

Hakuwa amemchora kwenye daftari la Mkasi kwa sababu nyoka huyu ni mpole. Hukaa mtini, hujifanya kijiti, hamuumi mtu ila mtu amshike. Na nani mwenye akili angemshika? Hilo ndilo alilojiuliza miaka ile. Leo jibu lilikuwa limesimama mbele yake, linatabasamu.

Hospitali ilikuwa mitaa miwili tu. Mkasi alitembea mwenyewe, akipiga soga njia nzima. Daktari alipowaona alifurahi.

"Afadhali wewe, mama, umekuja na jina. Wengine wananiletea uji wa nyoka." Mkono ulikuwa tayari kwenye mlango wa friji. "Nitoe dawa ipi?"

"Hakuna."

"Hapa hatuna? Napiga simu hospitali kubwa."

"Ya huyu haijatengenezwa, daktari. Hapa wala ng'ambo." Alishusha sauti. "Sumu yake huizuia damu kuganda. Haina haraka. Leo mtu anacheka vizuri tu."

Daktari aliondoa mkono kwenye friji. "Tutamwongezea damu akihitaji," alisema. "Wapo wanaopona."

"Wapo," alijibu Mama Magamba.

Daktari alichukua damu ya Mkasi kwenye kichupa kisafi cha kioo, akakisimamisha dirishani. Dakika ishirini, bila kukigusa. Ikiganda, heri.

"Mnanong'ona nini?" Mkasi aliuliza kutoka kitandani. "Yumo kwenye wale watano?"

"Hayumo."

"Si nilikwambia!" Akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili. "Huyu ni dada yangu. Anajua nyoka wa dunia nzima, huyu. Mimi nikiwa naye siogopi kitu."

Mama Magamba aliketi. Pamba iliyowekwa palipochomwa sindano ilikuwa imelowa. Akaibadilisha. Mkasi alikuwa akisimulia jinsi alivyotaka kukata tawi, tawi likageuza shingo. Mgonjwa wa pili akacheka hadi akakohoa.

Dakika zilipotimia daktari alikishika kichupa, akakiinamisha. Damu ikaenda upande huu, ikarudi upande ule, nyepesi kama maji.

"Kiache kidogo," alisema Mama Magamba. "Huenda saa yako inakimbia."

Daktari aliitazama saa yake, kisha akamtazama mama yule, akakirudisha kichupa dirishani.

"Dada, kibandiko ukiandike vizuri," Mkasi alisema. "Cha thelathini na mbili hicho."

Alitoa penseli mkobani. Vibandiko vyake aliviandika kwa penseli, wino huyeyuka kwenye spiriti. Akaandika tarehe. Akaandika mahali: michongoma ya shule. Alipofika mstari wa aliyeleta, aliinua penseli.

"Vipi, umesahau jina langu?"

"Nyamaza, mdogo wangu. Lete mkono."

Pamba ilikuwa imelowa tena. Akaweka ya tatu, akabana kwa kidole gumba kwa nguvu zake zote, akaanza kuhesabu. Alifika kumi na tisa, akaendelea.