Mkono wa Shangazi na Msumeno wa Mashine

Juzi nilisimama kwenye dirisha la zahanati ya Itigi nimemshika shangazi yangu, aliyevunjwa mkono na tawi. Mnyapara wa kambi ya kuni za garimoshi alikuja nyuma yetu akifoka.

“Mama, kelele yote ile ya msumeno hukuisikia?”

Shangazi hakugeuka. “Nimeisikia tangu asubuhi, baba. Msumeno ulikuwa unakata mti upi?”

Waliopanga foleni wakacheka. Mimi sikucheka.

Huku kwetu mti ukikatwa, matawi ni ya wanawake, na tawi huwa la yule atakayelitupia kata yake ya kichwani kwanza. Kwa hiyo tunasubiri karibu. Zamani mkataji wa shoka alikuwa akifika mwisho anasimama, anaita, “Kina mama, ondokeni!” Anangoja tusogee mbali, ndipo anaumaliza mti. Msumeno aliouleta Mzungu wa kambi unamaliza mti mara moja, na anayeushika hasikii mtu wala hageuki nyuma.

“Kwa nini hamkuweka mtu wa kutuondoa?” nilimuuliza mnyapara.

Alininyooshea kidole. “Binti, shikamoo iko wapi?”

“Shikamoo. Kwa nini hamkuweka mtu wa kutuondoa?”

“Marahaba,” akasema, akavaa kofia yake, akaenda zake.

Nimeulizia kambini. Mashine ile ina mtu wa kuibeba, wa kuitia mafuta na wa kuinoa meno. Wa kupaza sauti bado hajaajiriwa.