Wosia wa babu umeniokolea harusi

Jamani, leo nusura nitangazwe dada ya mchumba wangu!

Shangazi alikuwa amekataa mahari kabisa. Eti babu yangu wa Mundika alimgawia babu ya mchumba wangu Wafula shamba, na shamba hugawiwa mtoto wa damu tu. Kwa hivyo mimi na Wafula ni ukoo mmoja, hatuwezi kuoana.

Nikaenda kortini kuomba faili ya mirathi ya babu, ya miaka ya sabini. Karani akanisomea wosia, akafika kwa jina la babu ya Wafula: "Huyu naye apewe sehemu kama wanangu..."

Nikamwambia aendelee.

"...ingawa ni mgeni tu, alitoka Malaba akaniomba mahali pa kulima."

Mgeni! Si damu yetu! Pigeni vigelegele!

Nimempigia shangazi simu, nikamweleza.  Akauliza: "Sasa hao ng'ombe wanaletwa lini?"