Mjukuu Wangu Amelala Mahali Pangu

Mjukuu wangu amelala kwenye kaburi langu. Nasema langu kwa sababu nililitafuta mwenyewe, yeye akiwa bado anakimbia bila viatu.

Kiwanja hiki cha Mkolani nilikipata kwa kuwa hakuna aliyekitaka. Mawe matupu. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini jiwe nalijua. Unaliwashia moto wa kuni mpaka lipasuke kwa sauti, halafu nyundo inamaliza. Nyumba ninayokaa ilitoka humo humo kiwanjani, na watoto wangu wamesomeshwa na kokoto. Siku moja natafuta pa kuchimba choo nikakuta sehemu kati ya majabali mawili, jembe linazama bila kugonga kitu. Nikamwambia mke wangu, "Hapa ni pazuri mno kwa choo. Hapa mtanizika mimi." Choo tukakijenga juu ya mwamba, na mpaka leo mgeni akibanwa anapanda ngazi.

Mjukuu huyo ni wa binti yangu mkubwa, na alikulia kwangu. Alipopata akili ya kuelewa habari ile akaniambia, "Babu, umetunyima choo ili wewe upate kaburi. Basi fanya haraka ulitumie."

Asiyetujua atasema mtoto hana adabu. Kwetu babu na mjukuu ni watani. Bibi yake ni mke wake, na mimi ni mwizi niliyemwibia. Ananitukana, namtukana, na hakuna wa kununa. Baba yake hakuthubutu kunitania hata siku moja. Yeye alikuwa mkwe, kazi yake kunyenyekea.

Mjukuu alipomaliza mafunzo ya uofisa jeshini alikuja amenyooka kama mlingoti. Akanipita mlangoni kama vile mimi ni ndoo. "Shikamoo, mke wangu!"

"Marahaba, mume wangu. Umekonda. Huko hawapiki?"

"Wanapika, ila si wewe." Ndipo akanigeukia. "Huyu mzee bado hajahama?"

"Nihame niende wapi? Nyumba nimejenga mimi."

"Sawa, tulia. Ukifa nahamia mimi."

Baadaye aliongezewa nyota, zikawa mbili begani. Nikamwambia hata kanga wangu wana madoa mengi kuliko yeye. Akacheka mpaka akakaa chini na sare yake, vumbi lote likamshika, bibi yake akaja na kitambaa kumpangusa huku akinifokea mimi. Alikuwa hivyo. Akija likizo alivua sare, akachukua nyundo yangu ndogo, tukapasua mawe pamoja bila kusema neno. Alikuwa na mkono mzuri. Hakupiga kwa hasira kama vijana wengi wanavyopiga.

Akapelekwa nchi ya jirani kulinda amani. Walishambuliwa wakiwa doria, yeye akiwa mbele ya askari wake. Mengine tuliyoelezwa nayaacha huko huko.

Sasa, utani wetu hauishi mtu akifa. Mtani wake ndiye anayesimama mbele ya jeneza kumtania mara ya mwisho, watu wakisikia. Asipotaniwa, wazee wanasema ameondoka kama mgeni. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilijua toka simu ilipopigwa.

Vijana walianza kuchimba upande wa barabara, wakagonga mwamba. Wakahamia karibu na migomba, mwamba. Nikawaambia, "Nendeni kati ya majabali." Mke wangu alinitazama.

Mwanangu wa kiume, yule anayefanya kazi ofisini na anakaa Pasiansi, akanivuta pembeni. "Baba, kuna maafisa wakubwa wanakuja. Kuna ratiba. Utani safari hii tuuache."

Nilikaribia kukubali. Si kwa ajili ya maafisa. Mdomoni mwangu hamkuwa na utani wowote. Nilikuwa nimeutafuta usiku na mchana, nakuta pakavu.

Mke wangu alitusikia. "Mume wangu azikwe kama mgeni?" alisema. "Kwa sababu ya ratiba?" Akaondoka zake.

Jeneza likatolewa nyumbani na bendera juu yake, askari wamelibeba mabegani, wakienda kwa hatua moja. Binti yangu alikuwa ameshikwa na wanawake, macho makavu, hajalia tangu habari ilipokuja. Walipokaribia majabali miguu yangu ikanipeleka yenyewe. Nikasimama katikati ya njia.

"Luteni, simama!"

Wale askari wakasimama wote pamoja, puu! Nadhani hata wao walishangaa. Mwanangu akafunika uso.

"Nani kakuruhusu kupita mbele ya mkubwa wako? Hapo ni pangu. Ulisema nitangulie nikuachie mke. Haya, umetangulia wewe, mke nimebaki naye mimi. Mjinga ni nani?"

Nyuma yangu nikasikia sauti ya bibi yake. "Usimjibu, mume wangu. Kazeeka, ana wivu!"

Mtu mmoja akacheka, wakafuata wengine, na kicheko kikapita kwa watu wote wa msiba. Binti yangu naye alicheka, kisha kicheko hicho hicho kikageuka, akalia kwa sauti, na wanawake wakamwacha alie.

Ofisa aliyeongoza mazishi alikuwa mtu mzima, Mhaya kwa lafudhi yake. Sikujua kama angenifukuza. Alikuja mbele yangu, akainama kidogo, akasema polepole, "Mzee, tunaomba ruhusa tupite."

Utani unataka nimpe ruhusa. Neno lenyewe ni dogo, hata mtoto anaweza kulisema. Nilifungua mdomo na halikutoka. Nikabaki nimesimama pale njiani, jeneza lipo mabegani mwa watu, jua linawachoma, na mimi nimewazibia.

Mke wangu akaja akanishika mkono kama mtu anayemtoa mbuzi shambani.

"Pita, mume wangu," aliliambia jeneza. "Huyu nitamlea mimi."