Dakika Saba za Baba Mkwe

Fundi saa huyu watu walimwita Sekunde, na kosa ni lake mwenyewe. Alipofungua kazi yake alimwambia kila aliyepita mlangoni kwamba saa ikitoka mikononi mwake haipotezi hata sekunde, akalisema hilo mara nyingi mno hadi watu wakaona heri wampe liwe jina, labda atanyamaza. Hakunyamaza. Siku hizi anapoisimulia habari hii, maana huisimulia mwenyewe kwa mteja yeyote anayekubali kukaa, huanza kwa kusema kwamba Mungu alimgawia mikono ya fundi na mdomo wa dalali, na kwamba katika viwili hivyo mdomo ndio uliokomaa mapema.

Chumba chake cha kazi kina madirisha mawili. Dirisha la kushoto ni lake, na chini yake ipo meza yenye ukingo ulioinuliwa ili vitu vidogo visidondoke. Dirisha la kulia ni la mkewe, Mama Mapacha, na cherehani yake. Walipoanza walichora mstari wa chaki sakafuni. Chaki ilifutika zamani lakini mpaka upo: nyuzi zisivuke kwenda kwenye saa, na mdomo wa Sekunde usivuke kwenda kwa wateja wa nguo. Sharti la kwanza linatimizwa.

Jumatatu moja asubuhi aliingia baba mkwe. Sekunde aliruka kutoka kwenye kiti, lenzi bado imebanwa jichoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Toa hicho kitu jichoni, unanitisha."

Mzee huyu alikuwa mpiga kengele wa shule kwa miaka thelathini, na kwa miaka yote hiyo alivaa saa moja tu, saa ya chuma yenye uso mpana na tarakimu kubwa. Sasa aliitoa kwenye leso akaiweka mezani, akaongea kwa sauti ya chini kama aliyevunja kikombe cha watu.

"Inachelewa. Dakika saba kwa siku. Nilikuwa naiweka sawa kila asubuhi redio ikisoma habari. Sasa vidole hivi." Akainua mkono, nao ukatetemeka. "Kuitia ufunguo bado naweza. Kukivuta hicho kifungo na kuuweka mshale mahali pake, siwezi tena."

Cherehani ilinyamaza. Mama Mapacha alijua maana ya maneno hayo. Baba yake alikuwa na ugonjwa wa macho, na dawa yake ya matone ilitakiwa mara nne kwa siku, kwa saa maalumu. Wiki iliyopita alichanganya saa, akatia matone mara mbili karibu karibu, akashinda kitandani siku nzima. Dada mkubwa wa Mama Mapacha, mwanamke ambaye akisema jambo hata paka wa jirani hutii, alishatoa hukumu: Jumapili ya pili ijayo, kama baba hawezi kujitunzia saa, nyumba yake itafungwa naye atahamia kwake, ghorofa ya tatu. Simu hakuweza kuisoma kwa udogo wa tarakimu. Saa ya betri aliyonunuliwa ilikuwa na mishale myembamba, akaitia kwenye droo. Alichotaka ni kubaki ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, ambayo kila ngazi na kila kona yake aliijua bila macho.

"Niachie, baba," Sekunde akasema. "Saa hii naijua kuliko ninavyoyajua meno yangu."

Na kweli aliijua. Miaka ishirini na sita nyuma, alipokuwa kijana anayezunguka nyumba ile kwa visingizio, saa hiyo ilisimama. Akajitolea kuitengeneza, akairudisha kesho yake ikitembea, na wiki hiyohiyo posa yake ikakubaliwa. Tangu hapo aliamini kwamba mke alimpata kwa ufundi wake, na hapakuwa na arusi aliyoalikwa ambapo hakulisema hilo. Kila mwaka alimwuliza mzee, "Saa yetu vipi, baba?" na mzee akajibu, "Inakwenda." Sekunde hakuwahi kujiuliza kwa nini mtu anayependa kueleza mambo kwa urefu alikuwa na neno moja tu juu ya saa.

Aliifungua siku hiyohiyo. Mafuta yalikuwa yamekauka na kugeuka gundi. Akaifumua yote, akaiosha, akaipaka mafuta mapya kwa ncha ya sindano, akailaza mezani mpaka kesho yake. Haikupoteza kitu. Akampelekea mzee mwenyewe, akakaa, akanywa chai, akajisifu kwa muda wa vikombe vitatu.

Alhamisi mzee alirudi. Leso ileile, saa ileile.

"Dakika saba," alisema, huku anaangalia pembeni kwa kumwonea haya.

Sekunde aliilaza mezani akaisikiliza. Mlio ulikuwa safi. Akaisimamisha kwa upande, kama inavyokaa mkononi mwa mtu anayetembea, na hapo mlio ukabadilika: ukaanza kuchechemea. Akailaza, ukatulia. Akaisimamisha, ukachechemea. Akafungua kifuniko chake, kwa sababu sasa alijua ugonjwa ulipo, na ulikuwa mahali ambapo kuosha hakufiki.

Ulikuwa kwenye balansi. Hiki ni kile kigurudumu kinachozunguka kidogo mbele, kidogo nyuma, mchana na usiku, na ndicho kinachoamua saa iende upesi au polepole. Katika saa za zamani ukingo wake umezungushiwa skrubu ndogo kuliko punje za mtama, zilizopimwa uzito ili pasiwe na upande mzito. Upande mmoja ukizidi, saa ikilala huwezi kujua. Ikisimama, ule uzito unavutwa chini, na kila mzunguko unaharibika kidogo. Mtu anayeipima kwa kuilaza mezani tu ataapa kwamba ni nzima.

Akaing'oa balansi kwa kibano, akaivua ile springi yake nyembamba kama unywele, akaikagua kwa lenzi skrubu moja moja, jambo ambalo Jumatatu hakulifanya. Skrubu zote zilikuwa za rangi ya dhahabu iliyofifia. Moja tu ilikuwa nyeupe, nene kidogo, ya saa nyingine kabisa.

Hapo mdomo ukafunguka.

"Baba! Nani ameigusa saa hii baada yangu?"

"Sikumbuki," mzee akasema.

"Kuna mtu! Mimi sikulaumu, baba, mtu anapita njiani anaona kibao cha fundi, anaingia. Lakini tazama! Ametia skrubu ya chuma kwenye balansi ya watu! Huyu si fundi, huyu ni muuza mkaa. Mtu kama huyu anatakiwa anyang'anywe bisibisi, apewe jembe, na jembe lenyewe aangaliwe nalo."

"Labda alikuwa kijana," mzee akasema.

"Kijana! Mimi sikuwa kijana? Mbona mimi nilifanya vizuri?"

Mzee akaanza kuikunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena.

Mafundi saa wana desturi moja. Kila anayefungua saa hukwaruza kwa sindano, ndani ya kifuniko cha nyuma, alama yake na tarehe, ili atakayekuja ajue nani alimtangulia. Sekunde aliyakumbuka hayo kwa furaha ya askari aliyeona nyayo za mwizi, ingawa yeye mwenyewe Jumatatu, kwa haraka ya kwenda kujisifu, hakukwaruza kitu. Lakini mikwaruzo ile ni myembamba, na macho yake hayakuwa yale ya zamani, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Akauvuka mpaka wa chaki, kifuniko mkononi.

"Mama Mapacha, wewe unatunga uzi bila miwani. Nisomee alama ya huyu mchinjaji."

Mkewe akakiinua kifuniko dirishani, akakigeuza huku na huku.

"Ni duara," alisema, "na ndani yake mshale."

"Duara na mshale. Haya. Nitamtafuta."

"Hutaenda mbali. Ni kama ile uliyochora kwenye ubao wako wa mlangoni."

"Hiyo ni yangu, ya zamani. Nisomee ya mwisho."

"Baba Mapacha, ipo moja tu. Na mwaka wake ni ule mliokuja kunichumbia."

Sekunde anasema kwamba wakati huo alitamani sakafu ifunguke immeze na kiti chake. Hakuna ufa uliotokea. Kilichotokea ni kumbukumbu, yote kwa pamoja: yeye akiwa kijana, amepiga magoti chini ya meza ya kuazima, anatafuta skrubu iliyomruka kutoka kwenye kibano. Aliitafuta mpaka magoti yakachubuka. Akachukua nyingine kwenye saa mbovu, akaifunga, akailaza saa mezani, akaiona inakwenda sawasawa, akavaa shati akaondoka mbio. Jambo hilo alilisahau kabisa, na huyo aliyekuwa anamtukana tangu asubuhi alikuwa amekaa ndani ya suruali yake.

Alipogeuka, kiti cha mzee kilikuwa kitupu. Baba mkwe alikuwa ametoka nje, anasoma tangazo la ukutani ambalo macho yake hayakuweza kulisoma.

Mchana ule Sekunde alifanya kazi bila kusema neno, hata mteja mmoja wa nguo akauliza kama kuna msiba. Aliiweka balansi juu ya kingo mbili za chuma zilizonyooka, ikae kwa ncha zake na kuzunguka kwa uhuru. Ikazunguka, ikasimama, skrubu nyeupe chini. Akaigeuza. Skrubu nyeupe ikarudi chini. Dawa yake ilikuwa kuipunguza kwa tupa ndogo, chembe kwa chembe, akijua kwamba akizidisha hakuna njia ya kukirudisha kilichotoka. Akiharibu, saa imekwisha, na mzee anakwenda ghorofa ya tatu. Akashika tupa, akaibana pumzi.

"Pumua," Mama Mapacha akamwambia kutoka upande wake.

Akapumua. Akasugua mara mbili, akapima. Akasugua mara moja, akapima. Mama Mapacha alikuwa ameacha kushona na amesimama nyuma yake, macho yake yakiangalia pale ambapo ya mumewe hayakufika. "Bado," alisema. "Bado kidogo." Kisha, "Acha." Balansi ilikuwa imesimama na skrubu nyeupe ubavuni. Akaigusa kwa unyoya, ikasimama na skrubu nyeupe juu. Haikuwa na upande inaoupenda tena.

Safari hii hakuiamini meza. Aliipima ikiwa imelala, imefudikizwa, kifungo juu, kifungo chini, kulia, kushoto. Halafu akaivaa. Siku mbili alitembea na saa mbili, moja kila mkono, akabeba nazo ndoo za maji, akabishana nazo sokoni. Watu walimwuliza kama siku hizi amepandishwa cheo awe Dakika. Aliwajibu kwamba ameshushwa.

Jumapili asubuhi alimpelekea mzee, akamwomba aitie ufunguo tu, asikivute kifungo kwa wiki nzima. Mzee akakubali.

Jumapili ya pili familia ilikusanyika sebuleni kwa mzee. Dada mkubwa alifika na begi tupu la nguo, akaliweka katikati ya chumba ili kila mtu alione. Redio ikapiga saa saba, habari zikaanza. Akamshika baba yake mkono, akaitazama saa. Akaitazama tena.

"Nusu dakika," alisema. "Wiki nzima?"

"Wiki nzima," mzee akasema. "Na matone sijakosa."

Dada mkubwa akamgeukia Sekunde. "Kumbe ilikuwa na nini?"

"Vumbi," mzee akawahi kujibu.

Sekunde alikuwa amefunguliwa mlango mpana wa kutokea. Mdomo wake, uliokuwa haujawahi kukataa mlango wa namna hiyo, ulikuwa umeshaanza kujipanga. Akapiga moyo konde.

"Si vumbi, shemeji. Ni mimi. Nilipoteza skrubu nikatia isiyo yake, nikaja hapa kuomba mke. Saa ya baba imechelewa miaka ishirini na sita kwa sababu yangu." Akamtazama mzee. "Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Ungeifungua tena," mzee akasema.

Watu wakacheka mpaka begi likapigwa teke. Sekunde naye alicheka, ila machozi yalikuwa yanamlenga.

"Si ungeipeleka kwa fundi mwingine?"

"Watu wamwone baba mkwe wa fundi saa anapeleka saa kwa fundi mwingine? Kesho nani angekuletea kazi? Binti yangu angekula nini?" Mzee akaipapasa saa mkononi. "Halafu nilizoea. Kila asubuhi nikiziweka sawa zile dakika saba, nilikuwa najiambia, haya, yule mropokaji na mwanangu wameamka. Ndiyo ilikuwa salamu yangu kwenu."

Dada mkubwa akaliokota begi lake, akalikunja.

Kesho yake, saa moja kamili asubuhi, simu ya Sekunde ililia.

"Sekunde," sauti ya mzee ilisema. "Saa ngapi huko?"

Sekunde akaziangalia saa zote za ukutani. "Saa moja kamili, baba."

"Na hapa pia. Mwanangu ameamka?"

"Ameamka, baba. Yuko hapa."

"Haya basi."

Simu hiyo inapigwa kila siku mpaka leo. Sekunde hufungua chumba mapema kuliko zamani, huweka simu mezani ndani ya ule ukingo ulioinuliwa, na huingoja bila kusema neno.