Falanga ya Kona Sita ku Bariyeri

Baba mukubwa Liévin alikuwa fundi wa mbao, lakini bantu ba Elisabethville balimujua kwa muchezo wake wa falanga, feza ya chuma. Alikuwa nazo mbili za zamani, za kona sita, na tembo katikati. Batoto ba sasa habakuzijua. Anaonyesha moja, anafunga mukono, anafungua: mutupu. Kisha anaitosha ku sikio ya mama fulani, na mama anapiga kelele.

"Nikicheza na falanga ya mufuko yako," alinielezaka, "utaangalia mikono yangu. Nikicheza na hii, utaangalia falanga."

Mwaka ule Katanga ilikuwa imejitenga na Congo, ikatosha falanga zake mupya, zenye picha ya ndizi. Na sisi tulikuwa bantu ba Kasai, bageni benye habakutakiwa tena. Ku bariyeri ya njia ya Ruashi, basoda balikuwa banashusha bantu betu. Jirani yetu Floribert alishushwa pale. Tuliona tu kinga yake, ile baisikeli, imelala mu manyasi. Yeye hakurudia.

Lakini Clotilde, ndugu ya mama Hortense, bibi ya baba mukubwa, alibatizisha mutoto kule Ruashi, akaomba muchezo. Basi siku ya yenga, siku ya Mungu, kisha misa, tulienda kwa miguu, baba mukubwa na miye.

"Simama! Tosha yote ya mu mufuko!"

Soda mumoja kijana alikamata falanga ya kona sita, akaisoma polepole. "Co-ngo. Chef! Huyu iko na falanga ya Congo! Hizi kona ni alama ya nini?"

"Ni ya zamani, mwana yangu, ya wakati wa Babeleji. Miye ni fundi wa mbao, nachezaka nayo tu. Naipoteza, inarudia."

"Unaipoteza?" Soda akarudi nyuma. "Chef, ni mulozi!"

Chef wao alikuya, munene, mukaba chini ya tumbo. Akamutia falanga ya ndizi mu mukono. "Poteza hii ya kwetu, tuone."

Akiipoteza, ni mulozi, na amepoteza feza ya Katanga mbele ya basoda bake. Akikataa, iko anaficha kitu.

Baba mukubwa aliinua mikono. Vidole vyake sikuona hata siku moja vikikosa. Akafunga mukono. Falanga ikaponyoka, ikagonga kiatu ya chef, ikalala mu vumbi.

Chef akaangalia kiatu yake. Kisha chef akacheka mupaka akashika mukaba. "Mulozi gani huyu! Papa, shikilia mbao yako!" Bote bakacheka. Soda kijana akatia falanga ya kona sita mu mufuko yake, bakatuachilia.

Mbele kidogo nikamuuliza: "Uliangusha kwa makusudi?"

"Apana. Niliogopa tu." Alikuwa ameficha mikono mu kwapa.

Ruashi bantu balikuwa bamekaa banangoja. Baba mukubwa akasema mukono unamuuma. "Weye Liévin!" Clotilde akakasirika. "Nimeambia bantu bote, sasa unanitia haya!"

Na njia ya kurudia ilikuwa ile ile. Chef alituona tungali mbali: "Papa mulozi! Kuya utupotezee tena!" Alikuwa ameita basoda bengine, na chupa za bière. Safari hii niliona baba mukubwa anafungua kidole kidogo polepole, kwa makusudi. Falanga ikaanguka. Bakacheka.

Tangu pale, kila mara alipoenda kutafuta mbao kule, bakamuita aangushe. Mupaka siku moja chef hakucheka. Alimuangalia mikono tu, akasema: "Papa, leo umeangusha muzuri sana, kama mutu mwenye haogopi."

Siku ile alirudia nyumbani. Akafunga mulango. Mama Hortense akatandika blanketi ku meza, majirani basisikie. Baba mukubwa akaangusha falanga ya ndizi, akaiokota, akaangusha tena.

"Laurentine, inaonekana naogopa?"

Nikaangalia vizuri. "Apana, baba. Rudilia."