Bingwa Asiyesimama Kwenye Bendera

Mkinicheka, nicheke nanyi. Kila sikukuu ya Kaisari, mfalme wa Wajerumani, hapa Dodoma hao Wadachi wake hutukimbiza mbio za mashindano. Askari hufyatua bunduki, nasi hukimbilia bendera ya boma. Ndahani, kijana wa kijiji chetu, hushinda daima, kisha huendelea mbio mpaka porini. Tuliziita maringo, na mimi niliyahusudu.

Mwaka huu niliapa kumwiga. Bunduki ikalia, nikaipita bendera nyuma yake, mikono juu, hadi kwenye miiba. Nikamkuta amelala kifudifudi, anatetemeka.

“Lala chini, mdogo wangu,” akanong'ona. “Wamempiga nani risasi?”

Nilimwamini papo hapo kwamba kuna aliyepigwa. Nikalala, nikamkumbatia.

Watu wakaja na ngoma kutupongeza. Wakatuinua wote wawili, na shuka iliyolowa mkojo ilikuwa yangu.